Shika Kwanza, Alisema Mama wa Hadiwea

Mteja aliyeingia dukani kwake akitaka msumeno wa umeme hakuonyeshwa boksi wala hakutajiwa bei. Alipewa msumeno mkononi, akaambiwa, "Shika kwanza," kisha Mama wa Hadiwea akaenda zake kumpimia mtu mwingine misumari. Mteja alibaki amesimama katikati ya duka, mkono umenyooka, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani bila kuambiwa mama yake anarudi saa ngapi. Mama alipima misumari, akaifunga kwenye gazeti, akauliza habari za watu wa nyumbani, akacheka, akaaga. Ndipo alipogeuka kuutazama ule mkono. Kama ulikuwa unatetemeka, aliuchukua msumeno polepole, akaurudisha rafuni, akaleta mdogo zaidi.

"Mashine inunuliwe na mkono utakaoishika," alikuwa akisema. "Isinunuliwe na mdomo."

Nilimjua miaka yote ya tisini, na sikuwahi kumsikia mtu akimwita kwa jina lake. Mji mzima wa Kakamega ulimwita Mama wa Hadiwea. Hadiwea yake, duka la vifaa vya ujenzi, ilikuwa kwenye barabara inayoteremka kuelekea sokoni, katikati ya duka la fundi cherehani na la muuza mbegu. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali huko juu, na nilipita mlangoni pake asubuhi na jioni. Alikuwa Mwislamu wa upande wa Mumias, mfupi, mpana, mwenye mtandio uliofungwa vizuri kichwani, na juu ya gauni lake alivaa dasti koti la kijivu kama lile la mwalimu wa useremala. Kalamu ya risasi aliichomeka ndani ya mtandio, juu ya sikio. Siku nyingine aliisahau humo, akaanza kuitafuta duka zima huku akimlaumu fundi cherehani.

Alikuwa na maswali yake, na hukuyakwepa. Utakata nini? Utakatia wapi? Umeme wako unatoka kwako au umeuvuta kwa jirani? Waya wa kuuvutia ni mnene au ni ule wa kuunganishia redio? Watu waliokuja na haraka walikereka. Wengine walitoka wakilalamika kwamba kwa yule mama kununua msumeno ni kama kuposa binti. Lakini walirudi. Kwa sababu alipokwisha kuuliza alikupa kitu ambacho hukujutia.

Nakumbuka bwana mmoja muuza vitambaa, mtu nadhifu sana, aliyeingia akasema anataka pawaso. Huku kwetu pawaso ni ule msumeno wa petroli wenye mnyororo, unaoangusha mti mzima.

"Pawaso ya nini, baba?" Mama akamuuliza.

"Natengeneza sakafu. Chumba cha wageni."

Mama akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta. "Sakafu iko ndani ya nyumba ama iko ndani ya msitu wa Isecheno?"

Tuliokuwamo tulicheka, na yule bwana naye akacheka, maana Mama hakuwa na dharau katika kucheka kwake. Alizunguka kaunta, akamletea msumeno mdogo wa duara, akamwonyesha meno yake kwa ncha ya kalamu. Meno machache makubwa, alimwambia, hukimbia na kuichana mbao. Meno mengi madogo huenda polepole na kuiacha laini. Mbao ya sakafu ataitazama kila siku ya maisha yake, basi aende polepole. Na pale kwenye kona ya mlango, ambapo mbao lazima izunguke nguzo, asijilazimishe na huu wa duara. Aazime jigso kwa fundi, ule wenye bleidi nyembamba inayopanda na kushuka kama sindano ya cherehani. "Usinunue," alisema. "Utaitumia siku moja, halafu ikae kwa kabati kama suti ya harusi."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiuza. Nusu ya vitu alivyovieleza alimwambia mtu asinunue.

Na bado alikuwa mtu wa kinyume na maneno yake. Aliyehubiri subira kwa kila mteja hakuweza kungoja chai ipoe. Aliimimina kwenye kisahani, akaunguza ulimi kila siku, kila siku akashangaa. Aliuza vifaa vya umeme toka Jumatatu hadi Jumamosi, lakini nyumbani kwake alipiga pasi ya makaa. Na radi! Anayeijua Kakamega anajua mvua yetu ya mchana, jinsi inavyotoka upande wa msitu na ngurumo zake. Ikianza tu, Mama wa Hadiwea alichomoa kila waya dukani, akafunga mlango nusu, akakaa kwenye gunia la saruji akisoma dua kwa sauti, na mteja aliyekuwa ndani alikaa naye mpaka iishe. Mimi Mkristo, lakini nilijifunza zile dua nusu nusu kwa kunyeshewa mara nyingi nikitoka kazini.

Uongo hakuupenda. Alimfukuza kijana wa kazi kwa kumwambia mteja kwamba rangi ya ndani ni rangi ya nje. Hata hivyo kulikuwa na uongo mmoja ambao yeye mwenyewe aliusema mbele za watu, tena mara kwa mara, na huo ndio ulioingia nyumbani kwetu.

Mume wangu, Baba Muhonja, alikuwa dereva wa lori la miwa. Nyumba yetu ilikuwa upande wa Shirere, kwenye mteremko. Mlango wa jikoni ulifunguka juu ya njia ya udongo mwekundu iliyoshuka mpaka choo, na mvua ikinyesha njia hiyo iliteleza kama sabuni. Sisi tulizoea. Kisha Kukhu, mama yake mume wangu, akaanguka kwake kijijini akavunjika nyonga. Alilazwa hospitali muda mrefu. Daktari alipokaribia kumruhusu alituita kando, akasema mzee anaweza kutembea tena kwa fimbo, polepole, lakini akianguka mara ya pili hatuna haja ya kumrudisha hospitali, hatasimama tena.

Kwa hiyo angekuja kwetu. Nami kila nilipoitazama ile njia ya choo nilimwona akianguka. Chumba ambacho angelala kilikuwa na sakafu ya saruji iliyopasuka na kuzama katikati. Hata mimi nilijikwaa humo.

Baba Muhonja alikata shauri. Angeweka sakafu ya mbao chumbani, iliyonyooka, isiyo na baridi. Na kutoka mlango wa jikoni mpaka choo angejenga baraza ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, yenye reli ya kushikilia, ili Kukhu asiguse tope hata siku moja. Mafundi walikuwa na kazi za watu wengine. Angefanya mwenyewe, baba yake alimfundisha useremala kabla hajashika usukani.

Twende kwa Mama wa Hadiwea, nikamwambia.

Mama alimpa msumeno. "Shika kwanza."

Mume wangu aliushika. Mama akahudumia watu, akanywa chai, akaunguza ulimi. Mkono wa Baba Muhonja haukutikisika. Miaka ya kupigana na usukani wa lori ilikuwa imeufanya kama nguzo ya mlango. Akatabasamu.

"Huu ni mdogo, mama. Nina magogo ya mkalitusi ya kubeba baraza. Nipe ule mkubwa."

"Mkubwa hakuna," akasema Mama.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Wakati huo mume wangu aliinama kuokota parafujo aliyoidondosha, na chini ya kaunta akaona boksi la msumeno mkubwa, picha yake imechapwa ubavuni. Alisimama, akaurudisha mdogo, akashukuru, tukatoka. Barabarani ndipo alipozungumza.

"Huyo mama ameniona mimi mtoto. Uko pale chini, nimeuona kwa macho yangu."

"Labda ni wa mtu."

"Si angesema ni wa mtu? Mbona adanganye?"

Wiki hiyo alipeleka mzigo upande wa Kisumu, akarudi na msumeno mkubwa aliouuziwa na mtu kando ya barabara. Ulikuwa umetumika. Kinga ya bleidi, kile kifuniko cha chuma kinachojirudisha chenyewe, ilikuwa imeinuliwa na kufungwa na waya ili isisumbue. Nilipouliza, aliniambia mafundi wote wanafanyanga hivyo.

Ilikuwa Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Mawingu yalikuwa yanakusanyika na yeye alitaka kumaliza magogo kabla ya mvua. Mkalitusi ulikuwa bado mbichi. Alikuwa ameliweka gogo juu ya mawe mawili, moja huku na moja kule, akawa anakata katikati. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji. Nilisikia msumeno ukipungua sauti, ukinguruma kama ng'ombe aliyekwama matopeni, maana umeme wetu ulikuwa unashuka na kupanda mvua ikikaribia. Kisha ukapiga kelele moja kali, na kukawa kimya.

Kimya kile sitakisahau.

Nilitoka mbio. Alikuwa ameketi kwenye nyasi, miguu imenyooka mbele yake, msumeno umelala mbali naye, waya wake umekatika vipande viwili. Suruali yake ilikuwa imepasuliwa kutoka mfukoni mpaka gotini, wazi, kama kitambaa kilichopimwa na fundi. Nikapiga magoti, nikaishika ile suruali nikaifungua kwa mikono miwili. Nilikuwa natafuta damu. Nilitafuta na sikuiona. Juu ya paja palikuwa na mstari mwekundu mwembamba, kama mkwaruzo wa paka. Basi.

"Uko mzima," nikamwambia. "Baba Muhonja, uko mzima."

Aliutazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akacheka. Halafu akaanza kutetemeka, yule ambaye mkono wake haukutikisika dukani, akatetemeka mwili mzima mpaka nikamkumbatia hapo hapo kwenye nyasi, na mvua ikatukuta hapo, na hatukuondoka.

Habari katika mji wetu hazihitaji gari. Jumapili, baada ya kanisa, nilimwona Mama wa Hadiwea akiipanda njia yetu akihema, dasti koti lake mwilini ingawa duka lilikuwa limefungwa, kapu mkononi. Alisimama mlangoni.

"Asalaam aleikum. Hodi wenyewe."

"Karibu, mama."

Hakukaa. Alimwendea mume wangu moja kwa moja. "Nionyeshe mguu."

Mtu mzima wa heshima, lakini Baba Muhonja aliikunja kaptura yake akamwonyesha. Mama akauangalia ule mkwaruzo muda mrefu. "Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi." Ndipo nilipomsukumia kiti, akakaa.

"Mwanangu, mimi nilikudanganya," alimwambia. "Ule msumeno uko. Uliuona?"

"Niliuona, mama."

"Najua uliuona. Niliona jicho lako." Akafuta uso kwa upindo wa mtandio. "Nilimuuzia kijana mmoja wa Mayoni, huko kwetu. Hata sikumwambia ashike. Siku hizo sikuwa na hiyo tabia. Mtu akitaka, nilimpa. Baada ya mwezi mamake alikuja dukani na ule msumeno ndani ya gunia, ukiwa bado katika boksi lake. Aliuweka juu ya kaunta. Aliniambia, 'Kijana wangu hautaki tena, hana mkono wa kuushikia.' Hakunitukana. Hakudai kitu. Alienda zake. Sasa nitauuza aje? Nitautupa aje? Umekaa hapo chini. Na kila mtu akiniuliza mkubwa, mdomo unasema hakuna."

Uji ulikuwa unachemka jikoni na sikwenda kuutoa.

"Ningekueleza haya," akasema, "ungenisikia. Wewe ni mtu wa kusikia. Lakini nilikwambia hakuna, ukaona ni madharau, ukaenda kutafuta kibaya zaidi. Nisamehe."

Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache na mwenye majivuno ya madereva. Nilijua pia jinsi alivyouona uongo ule. Nikangoja. Alikohoa, akaangalia nje kwenye magogo yake.

"Mama, hata ungenieleza, sijui," akasema. "Nilikuwa na kichwa kigumu. Lakini kama umekuja, njoo uniambie pale nilikosea wapi."

Uso wa Mama ukafunguka. Hakusubiri hata chai. Alitoka, akazunguka lile gogo na mikono mgongoni. Gogo likilazwa juu ya mawe mawili na kukatwa katikati, alisema, linazama, linafunga mdomo, linaiuma bleidi, na bleidi ikiumwa hurudi kwa mwenyewe. Ukate upande ulio nje ya jiwe, kipande kianguke chenyewe. Mbichi uuache ukauke, na magogo mazito ukate na msumeno wa mkono wa watu wawili, ni asubuhi moja tu ya kutoka jasho. Kinga isifungwe. Waya uwe mnene, na umeme ukianza kushuka, uuzime msumeno, ukae chini, ule ndizi.

"Mbao ikikataa, usibishane nayo," akamalizia. "Kila kitu nina spea yake dukani. Kidole sina."

Ndani ya kapu alikuwa amebeba ule msumeno mdogo. Alimwazima mpaka kazi iishe, na jigso ya fundi mmoja rafiki yake kwa ajili ya kona. Jumamosi iliyofuata alifunga duka mapema, akaja, akashika upande mmoja wa msumeno wa mkono, mimi nikashika mwingine, na wanawake wawili tukakata mikalitusi huku Baba Muhonja akipigilia nguzo na kutucheka. Tulipika ingokho na obusuma, yaani kuku na ugali. Yule kuku alichinjwa na jirani Mwislamu ili mgeni wetu ale kwa amani. Alikula kama mtu aliyefanya kazi.

Siku tuliyomleta Kukhu mvua ilinyesha tangu asubuhi. Njia ya udongo ilikuwa mto. Kukhu alilala kidogo kwenye chumba chake chenye harufu ya mbao mpya za saiprasi, kisha akasema anataka kwenda nje. Nikainuka kumshika. Akanikataza. Alifungua mlango wa jikoni, akaweka fimbo yake juu ya mbao, akaigonga kuisikiliza, akashika reli, akaenda. Nilisimama mlangoni nikimtazama. Alifika. Akarudi. Viatu vyake vya kitambaa vilikuwa vikavu.

"Mulembe, amani iwe kwa aliyejenga hii," akasema, akapita kwenda kukaa.

Mimi nilikaa chini pale pale kwenye mbao nikalia, na nilikuwa sijalia hata siku ile ya suruali.

Kuanzia hapo Mama wa Hadiwea hakusema tena "hakuna." Alimwita fundi akaukata waya wa ule msumeno wa chini ya kaunta usiweze kufanya kazi tena, kisha akautundika ukutani nyuma yake, mahali pa kila mtu kuuona. Aliyeomba mkubwa aliambiwa habari yake mwanzo mpaka mwisho. Wengine walibadili nia. Wengine, mafundi wa kweli wenye karakana, walisikiliza, wakashika, wakauziwa mkubwa mpya wenye kinga yake, na usiku ule, aliniambia, alilala vizuri. Nilimuuliza kama haimsumbui kuisimulia kila siku. Alisema kuinyamazia ndiko kulikomsumbua.

Mwishoni mwa miaka hiyo nilihamishwa kazi kwa muda, na niliporudi Kakamega nililikuta duka limefungwa. Mlango wa chuma ulikuwa na vumbi. Nikamuuliza fundi cherehani jirani yake.

Akatoa sindano mdomoni. "Mama ametuacha," akasema kwa huzuni. "Watoto wake walimpeleka nyumbani Mayoni."

Nikauliza lini, akasema ni mwezi sasa. Sikuuliza zaidi. Nilikwenda sokoni nikanunua mchele na sukari, nikafunga leso nyeusi, na kesho yake nikapanda gari la Mumias na kuendelea mpaka Mayoni. Njia nzima, miwa huku na huku, nilikuwa napanga maneno ya kuwaambia watoto wake. Kwamba alitupa sisi maisha. Kwamba nimechelewa.

Nilielekezwa boma. Uani palikuwa na watu, turubai limefungwa, sufuria kubwa mekoni. Bado wako matangani, nikawaza, nikaanza kulia kabla sijafika langoni. Mwanamke mmoja alinipokea kapu, akanishika bega kwa wasiwasi.

"Pole mama, una nini?"

"Nimekuja kuwapa pole," nikasema. "Kwa ajili ya Mama wa Hadiwea."

Alinikodolea macho. Na kutoka nyuma ya turubai nikasikia sauti ikimgombeza mtu kwamba benchi limepinda, kwani halioni, alitoe hapo kabla bibi harusi hajaliketi.

Alitokea akitembea kwa kuyumba, miguu imevimba kwa ugonjwa wa sukari, amekonda uso. Lakini ni yeye. Aliitazama leso yangu nyeusi. Akayatazama machozi. Akatazama kapu la mchele mikononi mwa yule mwanamke, binti yake.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nilimwelekezea kidole yeye.

Ilimchukua muda. Kisha Mama wa Hadiwea alicheka mpaka akashika nguzo ya turubai, akacheka mpaka bibi harusi, mjukuu wake, akatoka ndani na hina mikononi kuona kuna nini. "Fundi cherehani!" alikuwa akisema. "Nilimwambia nimewaacha, nimewaacha na vumbi lao! Huyo mtu hata mimi alikuwa ananishonea gauni la mtu mwingine." Alinivuta, akanikumbatia, na mimi nilimshika kwa nguvu, mgongo wake mpana chini ya viganja vyangu ukipanda na kushuka, joto, hai.

"Umeniletea mchele wa matanga," akanong'ona sikioni.

"Nimeleta, mama. Nisamehe."

"Ni mzuri?"

"Ni pishori."

Akamgeukia binti yake. "Osha huo mchele, tia na nazi. Na huyu mumvue hiyo leso nyeusi, mumpe nyingine. Nataka nile nikiwa bado na meno."

Tulikula sinia moja, mimi na yeye, chini ya turubai la harusi. Alikula tonge la kwanza la moto bila kulipuliza, akaunguza ulimi, akanitazama machozi yakimtoka kwa kucheka.

"Mtamu," akasema. "Ongeza."